Msasa usitangulie: sakafu ya mvule iliyolowa maji

Swali limetoka kwa mama anayeishi Milimani, Kisumu. Nyumba yao ni ya miaka ya 1950, na sebule pamoja na vyumba viwili vya kulala vina sakafu ya mbao za mvule zilizopigiliwa misumari juu ya boriti. Mwezi Machi bomba la sinki ya jikoni lilivuja kwa siku kadhaa bila mtu kugundua. Lilitengenezwa na maji yakapanguswa, lakini mbao za sebuleni zikaanza kuinuka kingo, na sasa hata chumba cha mwisho, kilicho mbali kabisa na jikoni, mbao zake zimefanya vivyo hivyo na kinanuka ukungu. Fundi anataka kupiga msasa wiki hii ili sakafu iwe sawa, kisha apake vanishi. Shemeji yake anashauri mbao zing'olewe zote na pawekwe vigae. Mama anauliza amsikilize nani. Mwishoni mwa barua ametaja kwa sentensi moja kwamba mwaka jana ua wote uliwekwa kabro, yaani matofali ya zege ya kutandaza uani, hadi ukutani.

Mama, nakusalimu kutoka Nakuru. Kwa sasa naomba usimsikilize yeyote kati yao. Fundi wako ana nia njema, na shemeji yako pia, lakini wote wawili wanashughulika na sura ya sakafu, ilhali jambo la kwanza kujua ni maji yanatoka wapi na yamebaki kiasi gani ndani ya mbao. Bomba lililovuja linaeleza sebule. Haliwezi kueleza chumba cha mwisho. Ile sentensi yako ya kabro ndiyo iliyonifanya nisome barua mara ya pili, na ninaamini, kwa yale uliyoyaeleza, kwamba una matatizo mawili yaliyokutana: moja la jikoni ambalo limekwisha, na jingine la chini ya nyumba ambalo bado linaendelea hata unaposoma haya.

Ubao wa mvule, hata ukiwa umekaa sakafuni miaka 70, hauachi kunywa na kutoa unyevu. Unyevu huo hupimwa kwa asilimia, yaani uzito wa maji yaliyomo ukilinganishwa na uzito wa ubao ukiwa mkavu kabisa. Katika hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 60, ubao hutulia kwenye asilimia 11 hivi. Hewa ikifika asilimia 80, ubao hupanda hadi karibu 16. Na katika hewa ya asilimia 90, hewa nzito isiyotembea kama ile ya chini ya sakafu iliyozibwa, ubao hukaribia asilimia 20. Sasa tazama ubao mmoja wa sakafu yako. Uso wake uko sebuleni ambako madirisha hufunguliwa kila siku, na tumbo lake liko gizani juu ya udongo mbichi. Tumbo linavimba na uso unabaki vilevile. Na kwa kuwa ubao hutanuka kwa upana wake na karibu hautanuki kabisa kwa urefu, kingo hulazimika kupanda na katikati hubonyea kama bakuli. Ukiweka rula ya chuma juu ya ubao, ikatize upana wake, na ukamulika tochi kutoka upande wa pili, utaona mwanga ukipita katikati chini ya rula. Fanya hivyo katika vyumba vyote vitatu, na andika kwa penseli tarehe na kimo cha uwazi ule pembeni mwa ukuta, kwa sababu utauhitaji baadaye.

Mvule ni miongoni mwa miti mitulivu, haitanuki ovyo. Hata hivyo ubao wake wenye upana wa milimita 100, ukipanda kutoka asilimia 11 hadi 20, huongezeka karibu milimita moja. Huonekana ni kitu kidogo, lakini sebule ya upana wa mita 4 ina mbao kama 40, na hivyo ni sentimita 4 za mbao ambazo hazina pa kwenda. Kwanza zitamaliza ile nafasi iliyoachwa ukutani chini ya ubao wa pembeni, halafu zitabanana na kupondana kingo, na mwisho zitang'oa misumari kwenye boriti na kuinuka kwa mkupuo. Kama kuna mahali unapokanyaga na sakafu inashuka kidogo kisha inarudi, misumari ya hapo imeshaanza kulegea.

Hapa ndipo hatari ya msasa inapoonekana. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilipiga msasa sakafu kama yako, katika nyumba moja hapa Nakuru, wiki tatu tu baada ya tangi la maji kuvuja. Mashine ilikata kingo zote zilizoinuka, sakafu ikawa laini kama meza, nikapaka vanishi na nikalipwa. Mwezi Januari, kiangazi kilipokolea, mwenye nyumba aliniita. Alichukua gololi ya mtoto wake, akaiweka katikati ya ubao mmoja, na gololi ikabingirika yenyewe hadi kwenye kiungo. Tumbo la ubao lilikuwa limekauka na kurudi mahali pake, kwa hiyo zile kingo nilizozikata sasa zilikuwa chini, na kila ubao ulikuwa umeota mgongo. Nililazimika kupiga msasa mara ya pili kwa gharama yangu. Kibaya zaidi ni kwamba mbao hazirudi: juu ya ulimi unaounganisha ubao na mwenzake huwa pamebaki milimita chache tu, na mimi nilikuwa nimezila mara mbili katika mwaka mmoja. Tangu siku hiyo sijawahi kuwasha mashine ya msasa kabla ya kujua unyevu wa tumbo la ubao, na sitaki wewe upoteze mvule ambao leo ni vigumu kuupata kwa pesa yoyote.

Turudi kwenye kabro. Sakafu ya boriti hujengwa ikiwa imeinuliwa juu ya ardhi, na uhai wake wote hutegemea hewa inayopita chini yake. Ndiyo maana waliojenga nyumba hizo waliacha matundu ya hewa chini ya kuta, upande huu na upande wa pili, ili upepo uingie hapa na utokee kule. Kanuni za ujenzi za Uingereza, ambako mtindo huu wa sakafu ulitoka, hudai matundu yenye uwazi wa milimita za mraba 1500 kwa kila mita ya ukuta wa nje, na nafasi ya milimita 150 au zaidi kati ya ardhi na mbao. Kabro ikiwekwa hadi ukutani, pamoja na mchanga na kokoto zilizo chini yake, ardhi ya nje hupanda sentimita 10 hadi 20. Matundu yanaweza kufunikwa yote bila fundi wa kabro hata kujua yalikuwa ya kazi gani. Nimekuta pia mahali ambapo wenye nyumba wenyewe waliyaziba kwa simenti wakiogopa panya na nyoka, na siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza. Kabro ikiinamia nyumba, hata kidogo tu, kila mvua ya masika huwa inamwagwa kwenye msingi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya nje. Zunguka nyumba ukitazama chini ya kuta, na ikiwezekana tafuta picha za zamani za familia zilizopigwa uani, kwa maana matundu huonekana humo bila mtu kukusudia. Kisha ita fundi ang'oe kabro kando ya kuta zote kwa upana wa sentimita 30 au 40, achimbe hadi ardhi iwe chini ya ule utando wa kuzuia unyevu ulio ukutani kwa sentimita 15, ajaze kokoto safi, na kurekebisha mwinamo ili maji yaondoke kwenye nyumba. Mahali ambapo ardhi haiwezi kushushwa, jengea tundu kisima kidogo cha matofali mbele yake, chenye njia ya kutoa maji, ili hewa ishuke na kuingia. Kila tundu liwekewe wavu wa chuma wenye macho madogo. Huo huzuia panya bila kuzuia upepo. Kagua gata pia, hasa pembe ya chumba cha mwisho, kwa sababu gata iliyoziba humwaga maji ya paa zima mahali pamoja. Kama nyumba ingekuwa chini huko karibu na Dunga, ufukweni mwa ziwa, ningeuliza pia kuhusu maji ya ardhini, kwa kuwa ziwa lilipopanda mwaka 2020 liliwafikia watu milangoni. Kwa Milimani nitaanza na kabro.

Kazi ya pili ni kutazama chini ya sakafu. Zima swichi kuu ya umeme kwanza, kwa maana nyaya zinaweza kuwa zinapita huko. Seremala mwangalifu ainue ubao mmoja katika chumba cha mwisho na mwingine sebuleni, auinue kwa kukata ulimi wake na si kwa kuuvunja kwa mtaimbo, na kila ubao uwekewe namba nyuma yake. Vaa barakoa, ingiza tochi na pua. Udongo ukiwa umeng'aa kwa maji, bado kuna maji yanayoingia. Nyuzi nyeupe kama pamba zinazotambaa kwenye boriti ni kuvu wanaoozesha mbao, ambao huhitaji ubao wenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 ili waishi. Vijia vya udongo vinavyopanda msingi ni mchwa, na mchwa hupenda sana mahali penye unyevu. Kiini cha mvule, ile sehemu ya kahawia, hustahimili kuvu na mchwa vizuri mno, lakini ile sehemu yake ya nje iliyo nyeupe haistahimili, na boriti zenyewe huenda ni za mti mwingine ulio laini zaidi. Kwa hiyo usidanganywe na uzima wa mbao za juu. Chukua bisibisi na uichome kila boriti unayoifikia, hasa ncha zinazoingia ukutani. Boriti nzima hukataa, na ukiibanjua hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Iliyooza huachia bisibisi izame na kumeguka vipande vifupi kama biskuti. Iliyooza haina dawa ya kupaka. Ikatwe na kubadilishwa.

Ukishaona chini, tandaza nailoni nyeusi ya geji 1000 juu ya udongo wote, kila kipande kikipanda juu ya mwenzake sentimita 30, na ukandamize kwa mawe. Ardhi hutoa mvuke usiku na mchana hata pasipo mvua, na nailoni hiyo ya bei nafuu huukata mvuke huo kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Lakini usiitandaze juu ya maji yaliyotuama, na usiitumie kama kisingizio cha kuacha matundu yamezibwa.

Sasa ukaushaji, na hapa subira ndiyo kazi yenyewe. Usiwashe jiko la makaa chumbani, kwa kuwa hewa yake ya sumu inaua watu waliolala, na usitegemee meko ya gesi, kwa kuwa gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji. Hata joto la umeme si msaada hapa: hukausha uso haraka huku tumbo likibaki limelowa, na bakuli huzidi kuwa bakuli. Tunataka tumbo likauke. Acha ubao mmoja ukiwa umeinuliwa kila upande wa chumba, weka feni ikisukuma hewa chini kupitia uwazi mmoja ili itokee kwenye mwingine, na fungua madirisha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Wakati huo hewa huwa na joto na ni kavu zaidi, na upepo wa ziwa unakusaidia kuisukuma. Funga usiku na kila mvua inyeshapo. Ondoa zulia na tandiko lolote la plastiki. Ukungu wa juu ya mbao ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya sabuni kidogo, kisha kausha papo hapo. Usimwage dawa ya kuondoa madoa ya nguo, kwa sababu ni maji mengine unayoinywesha sakafu.

Utajuaje kwamba imekauka? Fundi mwenye kipima unyevu cha sindano mbili atakusaidia, mradi achome tumbo la ubao na boriti pia, wala si uso peke yake. Usipompata, tumia mizani ya jikoni. Ule ubao wa kwanza ulioinuliwa, ukate kipande cha urefu wa mita moja hivi, ukipime kwa gramu, uandike, kisha ukirudishe mahali pake bila kukipigilia. Kila Jumamosi kitoe, kipime tena kwa mizani ileile, ukirudishe. Kipande cha gramu 1500 chenye unyevu wa asilimia 20 kitakuwa na gramu 1400 kitakapofika asilimia 12. Huna haja ya kujua asilimia uliyoanza nayo. Unachotafuta ni uzito uache kushuka. Ukikaa palepale kwa Jumamosi tatu mfululizo, na ule uwazi uliouandika ukutani nao umeacha kupungua, ubao umepatana na hewa ya nyumba yako. Kwa masika ya Kisumu sitarajii jambo hilo kabla ya Agosti, na kama Jumamosi hizo tatu hazitapatikana hadi Januari, ngojea Januari. Mwambie fundi wako wazi kwamba kazi ni yake, ila tarehe itatoka kwenye mizani.

Wakati huo utashangaa ni mbao ngapi zimelala zenyewe. Zilizobanana sana zitaacha nyufa, kwa sababu kingo zilizopondwa hazirudi upana wake wa zamani. Nyufa ndogo ziache, kubwa ziingiziwe vijiti vyembamba vya mvule kwa gundi upande mmoja tu. Misumari iliyolegea ikazwe. Ndipo msasa upite, mara moja, kwa kina kidogo iwezekanavyo. Fundi na wote waliomo nyumbani wajikinge na vumbi, kwa kuwa vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na watoto wasiwepo siku hiyo. Madoa meusi kuzunguka misumari hayatokani na uozo: ni chuma kilichokutana na maji na utomvu wa mti, na huondoka kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji na kupakwa kwa brashi juu ya doa pekee, kisha kufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Asidi hiyo ni sumu, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima. Vanishi nayo ijaribiwe kwanza pembeni nyuma ya mlango, kwa sababu mafuta ya asili ya mvule wakati mwingine huifanya ikatae kukauka. Ikibaki inanata baada ya siku mbili, badilisha aina kabla ya kupaka chumba kizima.

Kuhusu vigae vya shemeji: ili vikae, nafasi yote ya chini ya sakafu ingebidi ijazwe mawe na udongo na kumwagiwa zege. Udongo huo ungefika kwenye kuta ambazo hazikujengwa kuzuia unyevu kwa kimo hicho, na unyevu ambao leo uko kwenye mbao ungepanda kwenye plasta. Ungelipa zaidi na kupoteza mvule. Sioni sababu ya kufanya hivyo isipokuwa boriti nyingi ziwe zimeoza, na hilo bisibisi itakuambia.

Jambo jingine ni la kila siku. Anayekusaidia kazi za nyumbani asipige deki kwa ndoo na maji mengi kama afanyavyo kwenye simenti ya jikoni. Afagie, kisha apitishe kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoke hata tone, akifuata urefu wa mbao.

Mbao zilizoharibika kabisa zibadilishwe kwa mvule wa zamani kutoka nyumba zinazobomolewa, na ukinunua mpya ziache zikae ndani ya chumba hichohicho wiki mbili au zaidi kabla ya kupigiliwa, hasa zikitoka mahali ambako hewa ni kavu kuliko ya Kisumu. Seremala anoe msumeno wake, kwa kuwa mvule hukaa na vijiwe ndani yake. Usikate tamaa ukiona ubao mpya una rangi ya manjano katikati ya wenzake weusi. Mwanga wa dirishani utaugeuza kahawia miezi inavyopita. Na baada ya Jumamosi ya nne niandikie uzito wa kile kipande, na uniambie umeyakuta matundu mangapi nyuma ya kabro.